Kipande cha Arobaini na Moja

Nchi hiyo ipo, na ni vizuri tusiulizane iko upande gani, maana viongozi wake wakisikia wanaulizwa huanza kumtafuta aliyeuliza. Inaitwa Mbelembele. Kila kitu huko kinakwenda mbele. Barabara zinakwenda mbele mpaka pale lami inapochoka, hospitali zinakwenda mbele bila dawa, na Waziri wa Mawasiliano, Kasi na Mambo Yajayo amekwenda mbele kuliko wote, kiasi kwamba akipita wananchi wanabahatika kuliona vumbi lake tu.

Pale lami inapochokea pana kijiji, Mwishowalami, na ndipo alipoishi fundi mmoja wa majiko ya mkaa. Jina lake halitatajwa hapa. Si kwa kuogopa. Ipo sababu, na itajulikana. Watu walimwita Fundi tu, naye alikuwa mgane wa mwaka wa pili na mtu wa wivu tangu alipoota meno. Jirani yake, Lukumbo, ndiye aliyemtesa zaidi, kwa kosa la kujengewa mnara wa simu shambani. Kwa Lukumbo vijiti vinne vya mtandao vilisimama wima kwenye simu usiku na mchana, askari wa gwaride kabisa. Kwa Fundi havikuja mpaka simu iingizwe kwenye kopo la maziwa ya unga lililopigiliwa msumari juu ya mwimo wa mlango. Ukiitoa koponi ukaisogeza shubiri moja kulia, hakuna mtandao. Ukiisogeza kushoto, unapata taarifa ya habari ya nchi jirani.

Kopo lile alilipigilia mkewe, Nyamizi, siku moja kabla hajafa.

Siku hiyo Fundi alitoka kununua mabati chakavu, akarudi akamkuta Nyamizi uani anacheka na mwanamume wa mnara, yule mwenye kofia ya njano aliyekuwa akiujenga kwa Lukumbo. Anacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa upindo wa kanga, ambacho Fundi alikuwa anajua ni mali yake peke yake. Basi akanuna. Na katika kununa alikuwa hodari, angeajiriwa na serikali. Jioni Nyamizi akachukua nyundo na kopo, akazunguka nyumba nzima na simu mkononi mpaka akapata mahali, akapigilia. Fundi hakuuliza ni la nini.

Asubuhi yake Nyamizi alikuwa aende hospitali ya mkoa akaangaliwe kifua.

"Wewe," alimwita, "unanisindikiza?"

Fundi akaendelea kugonga bati. Nyamizi akapanda lori la mkaa peke yake.

Sasa, pale hospitali ya mkoa mgonjwa haonwi na daktari mpaka kwanza aonwe na kompyuta, na siku hiyo kompyuta ilikuwa haioni, maana mtandao wa serikali ulikuwa chini. Daktari alikuwepo, anachokonoa meno. Dawa, kwa miujiza, ilikuwepo. Kitanda kilikuwepo na shuka juu yake. Kilichokosekana ni mtandao wa kuwatambulisha hao wote kwa Nyamizi. Akawekwa benchi. Saa tano akamtumia mumewe ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini na moja. Fundi aliuona umeingia pale koponi. Akasema moyoni, ngoja kwanza aisome namba.

Saa tisa mtandao ulirudi. Nyamizi aliitwa kwa kipaza sauti mara tatu, majina yake yote mawili, kwa heshima kabisa. Hakuitika. Kwenye cheti wakaandika: "Mgonjwa hakufika dirishani alipoitwa."

Ule ujumbe Fundi hakuufungua. Siku ya kwanza alishindwa, na ya arobaini vilevile. Baadaye akagundua kwamba hataki. Madhali hajausikiliza, Nyamizi bado alikuwa na neno la kumwambia. Akiusikiliza wamemalizana. Kwa hiyo kila asubuhi aliichukua simu, akakitazama kile kidoti cha bluu cha ujumbe usiosikilizwa, akairudisha koponi. Halafu akaenda kugonga bati na kuitukana serikali, maana mtu mwingine wa kumtukana alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe.

* * *

Basi ndipo serikali ilipoleta Ubongo wa Taifa.

Waziri aliufafanua redioni kwa saa mbili. Alisema zama za waya zimepita. Intaneti ya kasi itapita hewani, na simu zote za Mbelembele zitaungana kuwa ubongo mmoja. Simu ya mama anayechuma mchicha, ikiwa imelala haina kazi, itakopwa kidogo kusaidia kufikiri, na ya mchunga ng'ombe hali kadhalika, na Ubongo huo utaungana na simu za mabara mengine ufikiri pamoja nao mambo makubwa.

"Mwananchi wa kesho," alisema Waziri, "hatakuwa na usumbufu wa kufikiri pale alipo. Atafikiriwa kwa mbali!"

Watu wakapiga makofi. Kwa kweli haikuwa mara ya kwanza.

Wakaja maafisa na gari la matangazo. Kila atakayebonyeza neno Nakubali kwenye simu yake anapata mche wa sabuni ya kufulia. Mwishowalami nzima ikabonyeza, wengine mara mbili, na Fundi akabonyeza pia, maana alimwona Lukumbo na mche wake. Wiki ile kijiji kilinukia usafi. Simu zikaanza kupata moto zenyewe, mifukoni na makoponi. Ilisemekana ya Fundi inasaidia kukadiria mvua ya nchi fulani ya baridi. Ya Mwishowalami ilikuwa haijakadiriwa tangu uhuru.

Asubuhi ya siku ya nne Fundi akachungulia simu. Kidoti cha bluu hakipo. Ujumbe haupo. Mahali pake paliandikwa: "Asante kwa mchango wako kwa Taifa."

Alikaa kizingitini na simu mkononi, na kabla hajajua la kufanya akasikia Lukumbo anaita kutoka ng'ambo ya ua.

"Fundi! We Fundi! Njoo mbio usikie! Shemeji ananiuliza kama nimekula!"

Fundi alifika kwa Lukumbo hana hata viatu. Lukumbo alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mnara wake, simu iko sikioni, anatabasamu kipumbavu.

"Nimepiga ofisi ya maji kuulizia bomba," alisema Lukumbo. "Wakaniambia subiri. Mara sauti. Nikasema, huyu si shemeji Nyamizi? Anasema, 'Nipo hapa benchi, nimekaa, nasubiri.' Halafu anasema, 'Umekula?' Fundi, nakwambia machozi yalinitoka. Huyu wangu wa ndani hajaniuliza hivyo tangu tununue mbuzi."

"Zima hiyo."

"Nizime nini, ni ya serikali. Piga na wewe ofisi yoyote. Ardhi, vizazi na vifo, popote wanapokusubirisha. Ni yeye tu."

"Lukumbo, zima simu yako kabla sijaikalia."

"Aa, wivu huo sasa! Mtu mwenyewe ulimnunia akiwa hai, leo anaongea na wenzako unaumia?"

Fundi aliziba masikio kwa vidole vyote viwili akarudi kwake. Hakutaka kuusikia kwa Lukumbo. Mwaka wa pili huu ameutunza bila kuugusa, halafu auonje kutoka kwenye simu iliyojaa mate ya Lukumbo!

Lakini sauti ilishaenea. Ubongo wa Taifa ulikuwa umepekua simu zote ukitafuta sauti ya kumliwaza mwananchi anayesubiri ofisini, ukaona hakuna inayojua kusubiri kushinda ya Nyamizi. Ndani ya wiki mbili wanaume wa Mbelembele walipata mapenzi makubwa na ofisi za umma. Walipiga hata wasipokuwa na shida yoyote, na wakipokelewa upesi walikata kwa hasira wakapiga tena. Kuna mwenyekiti wa kijiji aliomba kibali cha kuzika akiwa hana maiti. Serikali ikatoa takwimu: imani ya wananchi kwa ofisi zao imepanda mara tisa. Fundi akipita sokoni anawaona wamesimama, simu sikioni, macho wameyafumba, wauza mkaa, walimu, shehe mmoja na katekista wake, na kila mmoja anaulizwa kama amekula. Alitamani awapokonye simu wote azitie kwenye jiko.

* * *

Fundi akapanda baiskeli mpaka mjini, Idara ya Sauti. Dirishani alimkuta afisa mmoja, Bi Tumsifu, mwanamke wa miwani, mpole, na mpole wa serikali huwa anakwambia habari mbaya taratibu.

"Shikamoo baba. Umekuja kusubiri au una shida?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua mke wangu."

Akaeleza yote. Bi Tumsifu akabonyeza, akasoma, akavua miwani.

"Baba, sauti hii ni ya taifa. Iko Sheria ya Sauti Zisizo na Mwenyewe. Ujumbe wowote usiomtaja kwa jina anayeambiwa unahesabiwa umeambiwa nchi nzima. Hapa marehemu anasema 'wewe' mara tatu. Jina hakuna."

"Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa mkoani, baba."

"Mama yako alimwita baba yako kwa jina?"

Bi Tumsifu akainamisha macho. Kwao, kama Mwishowalami, mke hatamki jina la mumewe. Ni aibu, ni kama kumvua nguo njiani. Mwenye watoto humwita mumewe kwa jina la mtoto. Nyamizi hakujaliwa mtoto, basi kwa miaka thelathini na mmoja alimwita mumewe Wewe, na hiyo Wewe ilikuwa na mwenyewe mmoja tu, hata akiiita katikati ya gulio lililojaa watu ni Fundi peke yake aliyegeuka.

"Kwenye mfumo hakuna sehemu ya kujaza Wewe," alisema Bi Tumsifu polepole. "Nilishawaambia wakubwa. Kwa sheria hii wake wote wa mkoa huu wanaongea na serikali. Wakasema si vibaya."

"Kwa hiyo aliyefariki kwa kuisubiri serikali, sauti yake nayo ni ya serikali."

"Baba, usiseme kwa nguvu." Alitazama nyuma yake, akasogea dirishani. "Sikiliza. Ubongo hauweki kitu kizima mahali pamoja, unakikatakata na kukisambaza. Huu umekatwa vipande arobaini na moja, kila sekunde kivyake. Kimoja kiko kwenye simu ya mvuvi wa ziwani, kingine kwa muuguzi, vingine viko nchi ambazo hata sizijui. Vipande arobaini vimekwisha kusikilizwa. Cha mwisho hakijafunguliwa. Ubongo ulikosa pa kukiweka, ukakirudisha ulikokitoa."

"Wapi?"

"Mwishowalami. Laini yako, baba. Kimefichwa ndani, nitakuonesha pa kubonyeza. Kama kwenye sekunde hiyo kuna jina lako, sheria inageuka, sauti nzima ni yako na taifa linanyamaza. Ila jina lazima lisikike hadharani, mbele ya Waziri. Jumamosi anazindua Ubongo uwanjani, na wataupiga ujumbe huu wote kwa vipaza sauti. Nitakuandika."

Fundi alimshukuru. Njia nzima ya kurudi alikuwa anajiuliza kama Nyamizi, ambaye hakuthubutu kulitamka hata ndani chumbani, angelitamka pale benchi. Ikiwa hakulitamka, basi ni wa taifa milele, ni wa Lukumbo na wenzake. Na ikiwa alilitamka? Hapo ndipo baiskeli ilipomshinda akashuka, akaikokota.

* * *

Jumamosi uwanja ulifurika. Kulikuwa na bendi ya polisi, na hema la wageni kutoka mabara mengine ambao simu zao nazo zilikuwa zinafikiri pamoja na zetu. Lukumbo alikuja amevaa suti ya harusi yake, nayo ilikuwa imemkataa tumboni.

"Nimekuja kumsikiliza shemeji kwa ukubwa," alimwambia Fundi. "Usinitazame hivyo. Mwenzako nimelala na njaa makusudi, ili akiniuliza nimjibu kweli."

Waziri akapanda jukwaani, akasifiwa kwa majina yake yote mpaka mtangazaji akaomba maji.

"Ndugu wananchi! Zamani sauti ilikaa kooni mwa mtu mmoja. Huo ulikuwa ubinafsi! Leo mama huyu mmoja yuko katika simu arobaini, katika mabara manne, kwa wakati mmoja! Nani kati ya wahenga wenu aliwahi kusambaa kiasi hicho? Serikali yenu imemfikisha mbali!"

Fundi alisimama chini ya jukwaa, simu yake yenye kioo kilichopasuka ameikumbatia kifuani. Alikuwa amekuja amedhamiria kuziba masikio. Lakini vipaza sauti vilikuwa vikubwa kama milango, na Nyamizi alipofungua kinywa, vidole vya Fundi vilikataa kwenda masikioni.

"Haloo, wewe," ilisema sauti, na watu elfu kumi wakageuzia nyuso kwenye vipaza sauti. "Ni mimi. Nipo hapa benchi, nimekaa, nasubiri. Wanasema mtandao ukirudi wataniita. Umekula? Maharage yapo jikoni, usiyatie maji baridi. Najua umenuna. Nuna tu, wewe, ukimaliza unipigie. Yule wa jana nilimuuliza mtandao unashika wapi nyumbani, nikupigilie kopo unisikie hata nikiwa mbali. Akasema nitazunguka na kopo mpaka kuku wanicheke. Ndicho nilichochekea. Haya. Nasikia baridi kidogo. Wewe... njoo unichukue..."

Pakakatika.

Uwanja mzima ulikuwa umeinama mbele. Katika hema la wageni mtu mmoja, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alikuwa anajipangusa macho. Fundi hakulia. Alikuwa anaona kopo, nyundo, na mgongo wa Nyamizi akiwa amepanda juu ya kinu ili aufikie mwimo, na yeye mwenyewe amekaa pembeni amegeuzia uso ukutani.

"Kipande cha mwisho!" alisema Waziri. "Kipo kwa mwananchi wetu huyu hapa. Mzee, panda! Weka simu yako kwenye kipaza sauti, tusikie mama anamwita nani!"

Fundi akapanda. Bi Tumsifu, aliyesimama nyuma na jalada, akamwinamishia kichwa kumpa moyo. Fundi akabonyeza pale alipooneshwa. Ila simu hakuiweka kwenye kipaza sauti. Aliiweka sikioni.

Sekunde moja.

Wale waliokuwa karibu walisema uso wake ulifanya kitu ambacho hawajawahi kukiona kwenye uso wa fundi majiko. Walisema pia kwamba aligeuka, kama mtu aliyeitwa katikati ya gulio.

"Haya, mzee! Amesema nani?" Waziri akamsogezea kipaza sauti.

Fundi aliutazama uwanja. Aliona wanaume wameshika simu vifuani. Alimwona Lukumbo, mdomo wazi. Angelitoa mara moja tu lile neno, mkewe angekuwa wake kwa sheria. Lakini lingetoka pale na kuingia kwenye masikio ya watu elfu kumi, na kesho lingekuwa kwenye simu arobaini.

"Mtandao uko chini, mheshimiwa," alisema Fundi. "Ukirudi nitakuita."

Akafungua mgongo wa simu kwa ukucha, akatoa betri, akaitia mfukoni.

Nyuma kabisa ya uwanja mtu mmoja akacheka, halafu mwingine, kisha safu nzima ikainamisha vichwa kuficha kicheko. Waziri angesema nini? Katika Mbelembele hayo ndiyo maneno pekee yasiyo na rufaa. Yamesemwa kwa wajawazito na kwa wastaafu, na hajatokea mtu aliyedai yathibitishwe. Bi Tumsifu akaandika kwenye jalada lake: "Mtandao chini," akapiga muhuri.

Lakini Waziri hakufika alikofika kwa kukosa la kusema.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mnaona? Hakutaja jina! Mama huyu anamwita kila mmoja wenu!"

* * *

Hapo ndipo yalipoanza mambo. Wanaume wa Mbelembele si watu wa kuitwa mara mbili na Waziri. Fundi alipofika na baiskeli yake kwenye lango la hospitali ya mkoa, mwendo wa robo saa kutoka uwanjani, alikuta wenzake zaidi ya mia wameshatangulia, wamemfuata Lukumbo aliyelijua benchi, na baiskeli, na pikipiki, mmoja na punda. Mlinzi alikuwa amejifungia ndani ya lango anawapigia kelele.

"Nawaambieni hayupo! Hakuna mwanamke anayewasubiri hapa!"

"Ameniita mimi," alisema Lukumbo, suti imeraruka kwapani. "Aliposema wewe pale mwisho, mimi nilijua. Sauti ilikuwa inanielekea."

"Inakuelekea na mkeo nyumbani?" aliuliza mwenye punda.

"Mke wangu haiti. Anaamuru."

Wakasukumana. Kila mmoja alikuwa amekasirika kwamba mwenzake amekuja. Fundi akawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu alipoota meno hakumwonea wivu mtu yeyote. Ulikuwa umewahamia wao wote, wamegawana.

Mlinzi akamwona amesimama pembeni.

"Na wewe mzee umeitwa?"

"Nimeitwa."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Wote wanasema hivyo." Lakini macho ya mlinzi yalishuka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Palikuwa na kanga, imekunjwa mara nne, imefungwa kwa mpira, kama anavyoifunga mtu anayejua kwamba chuma cha kiti kinamuumiza fulani akipakiwa. Mlinzi akafungua lango kiasi cha mtu na baiskeli. "Pita. Upesi."

Benchi lilikuwa palepale. Lilikuwa na watu sita wanaosubiri, maana mtandao, siku ya uzinduzi wake, ulikuwa chini. Wakasogeana wakampa nafasi. Fundi akakaa. Akakaa kwa muda ambao mtu mmoja anaweza kuukaa kwa niaba ya mwingine. Kisha akasimama, akapangusa suruali.

"Haya," alisema. "Twende."

Mama mmoja benchini aliinua macho akitafuta anayeambiwa.

Njia ya Mwishowalami ni lami, kisha ni mashimo, kisha ni mteremko mrefu wa changarawe mpaka mlangoni kwake. Siku zote Fundi aliushuka mteremko ule mbio, miguu nje, kengele inalia. Siku hiyo alipofika pale juu alishika breki zote mbili, akashuka taratibu, akikwepa jiwe kwa jiwe, na kila penye shimo alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka nyuma, "Jishike."